Mti wa Maua ya Njano

Jua lilipoanza kupanda juu ya mapaa ya Kashikishi, mji wa wavuvi wa Zambia, Towela alikuwa tayari ameinama juu ya mkeka, akitandaza chisense kwa vidole. Hao ni samaki wadogo wa Ziwa Mweru, jamii ya dagaa, na wasipotandazwa vizuri huoza kabla ya kukauka. Mama yake, Eness, ambaye majirani walimwita Bana Towela, yaani mama yake Towela, alikuwa pembeni akichochea moto wa kukaushia samaki wakubwa. Kuku wawili walikuja wakiunyemelea mkeka. Towela aliwafukuza kwa sauti tu, bila hata kugeuza kichwa.

“Leo ndiyo mnaanza ile kazi yenu ya miti?” mama aliuliza.

“Ndiyo, Mayo. Kundi letu limepewa barabara ya kushuka bandarini. Tutamaliza kabla ya makundi yote.”

“Sikukuuliza mtamaliza lini. Nimeuliza kama mnaanza leo.”

Towela alicheka, akanawa mikono, akachukua mkoba wake na kuondoka.

Alikuwa msichana wa darasa la saba, na kichwa chake kilikuwa chepesi kushika mambo. Mwalimu akiuliza swali, mkono wa Towela ndio uliotangulia kuinuka. Wenzake walimpa jina la Bi Majibu, na yeye hakulikataa. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo watu wachache walikuwa wameigundua. Asipolijua jibu, alilitunga, kisha akalisema kwa sauti ileile ya kujiamini. Mara nyingi alibahatisha vizuri. Alipokosea, watu walidhani kwamba wao ndio waliosikia vibaya.

Kazi ya miti ilikuwa imeletwa na Mwalimu Chewe. Siku moja aliwauliza wanafunzi wake ni miti gani iliyopandwa kando ya barabara ya Kashikishi. Walitaja mwembe na mpapai, kisha wakaishiwa.

“Wachezaji wa timu za Ulaya mnawajua wote, hata wale wanaokaa benchi,” alisema Mwalimu Chewe. “Lakini mti unaowapa kivuli mkisubiri basi la Mansa hamuujui hata jina. Ipo miti iliyokuwa hapa kabla ya nyumba zetu. Ipo mingine iliyoletwa kutoka mbali kwa ajili ya maua tu. Wiki hii tutaifahamu.”

Baba yake Fanwell, fundi wa mitumbwi, aliwapa vipande vya mbao vilivyobaki kazini kwake. Kila kundi lilitakiwa kuandika vibao na kuvifunga kwenye miti kwa uzi wa nyavu, kwa sababu Mwalimu hakutaka mti wowote upigwe misumari. Kwenye kila kibao waandike jina la mti, waseme kama ni wa kienyeji au umeletwa, na unafaa kwa nini. Waandike kwa Kibemba, na chini yake kwa Kiswahili, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wanaopita bandarini hutoka Kongo. Siku ya Ijumaa wazazi wangealikwa kutembea mitaani, na wanafunzi wenyewe ndio wangekuwa viongozi wa safari hiyo.

“Msipojua, ulizeni,” Mwalimu aliwaambia. “Mkikosa wa kumwuliza, njooni kwangu.”

Kundi la Towela lilikuwa na watoto watatu. Wa pili alikuwa Fanwell, mvulana mtulivu aliyependa kushikashika vitu kabla ya kusema neno. Wa tatu alikuwa Jessica, ambaye alikuwa amehamia Kashikishi mwaka uliopita kutoka Pweto, upande wa Kongo, na sasa aliishi kwa shangazi yake. Jessica alikijua Kiswahili tangu kwao, na alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo kuandika vibao kukawa kazi yake.

Walianza vizuri sana. Kando ya kanisa walikuta mpundu, mti wa kienyeji, mnene wenye gome lililopasukapasuka. Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wa kanisa aliwaambia kwamba watu walipofyeka msitu ili wajenge, waliuacha mti ule kwa sababu ya matunda yake. Mbele ya maduka palikuwa na mjakaranda, na maua yake ya zambarau yalikuwa yametapakaa chini hadi kwenye mlango wa duka la simu. Jessica alidhani ni mti wa kienyeji, kwa jinsi ulivyozoeleka. Towela alikumbuka somo la mwaka uliopita, akamweleza kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini, na mwenye duka akathibitisha kwamba baba yake aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo. Karibu na bomba la maji walifunga kibao kwenye mwarobaini. Watu waliokuwa wakichota maji walisimama, wakasoma, wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu miti ya nyumbani kwao. Towela alifurahi mno. Alijiona kama mwalimu wa mtaa mzima.

Mti wao wa mwisho ulikuwa nje ya ukuta wa nyumba moja ya wageni. Haukuwa mkubwa. Majani yake yalikuwa marefu na membamba, yanayong'aa, na maua yake ya njano yalining'inia kama tarumbeta ndogo. Towela aliutazama kutoka chini hadi juu. Hakuwahi kusoma habari zake popote.

Walimwuliza mlinzi wa getini. Alisema mwenye nyumba aliupanda kwa ajili ya urembo, lakini jina lake hakulijua, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa safarini Mansa.

“Basi tumwulize Mwalimu kesho,” alisema Fanwell. Alikuwa amechuma jani, akalifikicha na kulinusa. “Halinuki kitu.”

“Na angalia, linatoa maziwa,” Jessica aliongeza, akionyesha tone jeupe kwenye kikonyo. “Kwetu Pweto, kambo yangu, mama ya mama, anasemaka muti yenye maziwa usiicheze mbele ya kuuliza.”

Wakati huohuo kundi jingine lilipita mbio upande wa pili wa barabara. “Sisi tumebakiza kibao kimoja tu, Bi Majibu!” mmoja wao alipaza sauti. “Leo mtakula vumbi!”

Towela alihisi masikio yake yakipata moto. Akayatazama tena yale majani marefu, membamba. Akaikumbuka mikaratusi mirefu ya nyuma ya kituo cha basi. Nayo ina majani marefu, membamba.

“Huu ni mkaratusi,” alisema. “Ile midogo, ya mapambo.”

“Mkaratusi unanuka,” alisema Fanwell.

“Ukikua. Huu bado mchanga.”

“Una hakika?”

“Fanwell, nimewahi kukosea?” Towela alimgeukia Jessica. “Andika: Mkaratusi mdogo. Umeletwa kutoka mbali. Majani yake yakichemshwa ni dawa ya kikohozi.”

Jessica alisita, kalamu mkononi. Kisha aliandika, kwa kuwa Towela alisema kama mtu aliyesoma jambo lile kitabuni. Wakakifunga kibao, wakakimbia shuleni. Kundi la Towela likawa la kwanza, na darasa likawapigia makofi.

Siku iliyofuata Mwalimu Chewe aliingia darasani akiwa na mgeni. Alikuwa Bi Chama, afisa wa misitu kutoka Nchelenge, mwanamke mrefu mwenye buti zilizojaa vumbi. Alikuja kwa pikipiki, na nyuma ya kiti alikuwa amefunga furushi la matawi. Aliyapanga mezani, akaanza kuwafundisha namna ya kuutambua mti kwa gome, kwa jani, kwa harufu na kwa utomvu. Alipitisha jani la mkaratusi wa kweli, kila mmoja akalifikicha, na darasa zima likanukia kama dawa ya kujipaka kifuani wakati wa mafua.

Kisha Bi Chama akavaa glavu. Alichukua tawi lenye majani marefu na maua ya njano.

“Huu pia umeletwa kutoka mbali,” alisema. “Watu huupanda kwa uzuri wa maua yake. Unaitwa oleanda ya njano. Mtu asiyejua anaweza kuufananisha na mkaratusi. Lakini ukilivunja jani lake, linatoa maziwa, na maziwa hayo ni sumu. Mbegu zake ni sumu, majani yake ni sumu, hata kuni zake hazifai kupikia wala kukaushia samaki. Mtu akila au akinywa maji yake, sumu huenda moja kwa moja kwenye moyo.”

Towela hakusikia yaliyofuata. Alikuwa akiliona lile tawi tu. Alihisi Fanwell akimtazama kutoka upande wa kulia, na Jessica kutoka nyuma.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa rahisi. Mapumziko yangefika baada ya muda mfupi. Angekimbia hadi kwenye nyumba ya wageni, akate uzi, akitupe kibao ziwani. Nani angejua? Kesho angesema kilianguka kwa upepo.

Lakini wazo jingine lilikuja juu ya lile la kwanza, na hili halikumwacha akae. Kibao kilikuwa pale tangu jana, kando ya barabara ambayo watu wengi hupita, katika msimu wa vumbi, wakati ambapo nusu ya watoto wa Kashikishi walikuwa wakikohoa.

Aliinua mkono. Safari hii mkono ulipanda polepole.

“Ndiyo, Towela,” alisema Mwalimu Chewe. “Una swali?”

Towela alisimama. “Mwalimu, mti huo uko nje ya nyumba ya wageni, njia ya bandarini. Tumefunga kibao pale. Kimeandikwa kwamba ni mkaratusi, na kwamba majani yake ni dawa ya kikohozi.”

Mvulana mmoja wa mbele akasema, “Vibao vya kundi lao vimeandikwa na Jessica. Mwandiko ni wake.”

“Mwandiko ni wake, lakini maneno ni yangu,” Towela alisema haraka. “Jessica alinitahadharisha kuhusu maziwa. Fanwell aliniambia jani halinuki. Mimi sikuujua mti ule. Nilibahatisha, nikasema nina hakika.”

Bi Chama alikuwa tayari anavua glavu.

“Kukemea kuna wakati wake, Mwalimu,” alisema. “Twende sasa hivi.”

Mwalimu Chewe aliwaacha wanafunzi wengine na mwalimu wa darasa la jirani, akatoka na wale watoto watatu. Bi Chama alitangulia kwa pikipiki. Walipofika kwenye nyumba ya wageni wakihema, walimkuta amesimama chini ya mti, ameshika tawi lililovunjwa. Maziwa meupe yalikuwa bado hayajakauka kwenye jeraha.

“Tawi hili limevunjwa muda si mrefu,” alisema.

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha. Towela alivuka na kupiga magoti kidogo, kama desturi inavyotaka kwa mkubwa. “Mayo, mukwai,” alisema kwa heshima ya Kibemba, “umemwona mtu aliyechuma majani ya mti ule?”

“Nimemwona. Ni yule mama Mkongomani anayeuza vitenge, Mama Mujinga. Alisimama akakisoma kibao chenu, akafurahi. Akasema mtoto wake amekohoa usiku kucha.”

“Anakaa wapi?” Towela aliuliza, lakini Jessica alikuwa ameanza kukimbia.

“Ninapajua!” Jessica alipaza sauti bila kusimama. “Anapanga chumba nyuma ya kwa shangazi yangu!”

Walikimbia wote. Walipita kwenye vichanja vya samaki, wakaruka kamba za mitumbwi iliyokuwa imevutwa ufukoni, wakaingia kwenye uchochoro mwembamba wa nyumba za matofali. Bi Chama aliiacha pikipiki mwanzoni mwa uchochoro. Fanwell, ambaye kwa kawaida hakuwa na mbio, alitangulia mbele ya wote.

Mama Mujinga alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Mbele yake palikuwa na mbabula, jiko la makaa, na juu yake sufuria iliyokuwa ikitoa mvuke. Mwanawe Blanchard, ambaye hakuwa hata wa umri wa kuanza shule, alikuwa magotini pake, amekunja uso. Kikombe cha plastiki kilikuwa mkononi mwa mama.

“Usimpe!” Towela alipiga kelele. “Mama, usimpe! Si dawa!”

Mama Mujinga alishtuka hata kikombe kikamwagika mchangani. “Kuna nini? Nilisoma kibao ya masomo yenu. Inasema ni dawa ya kikohozi.”

“Kibao ni cha uongo,” alisema Towela. “Mimi ndiye niliyekiandikisha. Mti ule una sumu.”

Mama Mujinga aliwatazama watu wazima wawili waliokuwa nyuma ya watoto, akaona nyuso zao, akamvuta mtoto kifuani. “Eh, Yesu wangu! Amekwisha kuonja.”

“Amekunywa kiasi gani?” Bi Chama aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule uliwasaidia wote.

“Kidogo. Alisema inachoma, akatema. Ndiyo nilikuwa ninamubembeleza anywe tena.”

“Haya, tunakwenda kituo cha afya sasa hivi. Msimlazimishe kutapika, msimpe kitu kingine chochote. Fanwell, mwaga sufuria ile shimoni, mbali na kisima, kisha unawe mikono kwa sabuni. Jessica, tia majani yaliyobaki ndani ya mfuko ufunge. Muuguzi atataka kuona ni mti gani.”

Bi Chama aliwapakia mama na mtoto kwenye pikipiki, mfuko wa majani ukiwa umefungwa kwenye usukani, wakaondoka. Wengine walifuata kwa miguu. Njia nzima Towela alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo, na maneno yaliyomjia yalikuwa hayohayo kila mara: Asife. Asife.

Katika kituo cha afya muuguzi aliuchukua mfuko, akayatazama majani, kisha akasikiliza moyo wa Blanchard kwa muda mrefu. Alisema moyo unapiga sawasawa, lakini hawezi kumruhusu mtoto aende nyumbani upesi, kwa kuwa sumu ya namna ile huweza kuchelewa kujionyesha. Aliwasiliana na daktari kwa simu. Wakasubiri.

Mwalimu Chewe aliwaambia watoto warudi shuleni. Fanwell na Jessica walikwenda. Towela aliomba abaki, na Mwalimu alipouona uso wake, alimkubalia, akatuma mtu kwa mama yake.

Eness alikuja mikono yake ikinuka moshi na samaki. Hakumgombeza. Aliketi karibu na binti yake kwenye benchi, akasikiliza habari yote tangu mwanzo. Towela alipomaliza, mama alisema, “Nenda ukamwambie Mama Mujinga.”

“Nimeshamwambia, Mayo. Kule nyumbani kwake.”

“Kule ulipiga kelele. Sasa nenda ukaombe msamaha.”

Towela aliingia ndani. Mama Mujinga alikuwa ameketi kando ya kitanda, na Blanchard alikuwa akichezea kamba ya pazia. Towela alipiga magoti.

“Mama, nisamehe. Sikuujua mti ule. Niliona aibu kusema sijui, nikataka kundi letu liwe la kwanza. Ningeweza kumwua mtoto wako.”

Macho ya Mama Mujinga yalikuwa mekundu. “Mutoto wangu ni huyu tu,” alisema. “Nimekasirika, sitakuficha. Nilipoona kibao ile nilisema, tazama, watoto ya masomo wanatusaidia sisi wageni. Niliamini.” Akashusha pumzi. “Lakini nimeona namna ulikuja unakimbia. Wengine wangejificha. Simama. Chukua ile maji, umupe anywe. Muuguzi amesema anaweza kunywa maji.”

Towela alichukua kikombe kwa mikono miwili. Blanchard alimtazama kwa mashaka, akauliza, “Inachoma?”

“Hapana,” Towela alisema, machozi yakimtoka. “Haya ni maji tu. Naonja kwanza, uone.” Akanywa, naye Blanchard akanywa.

Jua lilipokuwa likishuka upande wa ziwa, muuguzi alisikiliza tena moyo wa mtoto, akatabasamu. Aliwaruhusu waende, akawapa dawa halisi ya kikohozi, na akamwagiza Mama Mujinga amrudishe mtoto asubuhi ili aangaliwe tena.

Asubuhi ya Ijumaa muuguzi aliridhika kwamba Blanchard ni mzima kabisa. Mwalimu Chewe alikuwa amefikiria kuahirisha matembezi, lakini Towela alikwenda kwake kabla ya kengele.

“Mwalimu, tusiahirishe. Watu wengi wamekisoma kibao chetu. Wote wanapaswa kusikia ukweli. Naomba niseme mimi mwenyewe, palepale kwenye mti.”

“Watakuwepo wazazi wengi,” alisema Mwalimu. “Una hakika?” Kisha akajishtukia, akacheka kidogo. “Samahani. Neno hilo leo tulitumie kwa uangalifu.”

“Nina hofu,” alisema Towela. “Lakini nitaweza.”

Kundi kubwa la watu lilijikusanya mchana ule: wazazi, wavuvi waliokuwa wametoka kulala, akina mama wa sokoni, hata yule mlinzi wa nyumba ya wageni. Walipita kwenye mpundu, kwenye mjakaranda, kwenye mwarobaini, na Fanwell na Jessica walieleza vizuri habari za kila mti. Mbele ya mti wa maua ya njano Towela alisogea akasimama pale ambapo kila mtu angemwona. Hakushika karatasi.

“Mti huu ni oleanda ya njano,” alisema kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara. “Umeletwa kutoka mbali kwa ajili ya maua yake. Ni mzuri kuutazama, lakini una sumu kuanzia jani hadi mbegu. Juzi niliwaandikia kwamba ni mkaratusi na kwamba ni dawa. Sikuwa najua. Wenzangu walinionya, sikusikia. Mtoto mmoja alionja maji yake kwa sababu ya maneno yangu, na Mungu amemhifadhi. Kama kuna mtu mwingine aliyechuma majani haya, tafadhali asiyatumie, ayatupe shimoni.”

Minong'ono ilipita katikati ya watu. Bibi mmoja alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kijitawi kilichokauka, akakishika kwa ncha za vidole.

“Mimi nilikuwa naweka akiba,” alisema. “Kwa ajili ya mjukuu.”

Bi Chama alikipokea, akakifunga ndani ya mfuko. Wazazi wengi walitazamana. Mlinzi wa nyumba ya wageni akauliza kama mti ule ukatwe uchomwe moto, maana mwenye nyumba alikuwa amempigia simu akiwa na wasiwasi.

“Usiuchome kabisa, moshi wake pia una madhara,” alijibu Bi Chama. “Nitazungumza na mwenye nyumba. Akitaka kuuondoa, tutakuja kuung'oa kwa utaratibu, tupande mufutu au mpundu, miti yetu ya matunda, mahali pake. Akitaka kubaki nao, auzungushie uzio, na kibao chake kiseme kweli.”

Ndipo Mama Mujinga akajitokeza kutoka nyuma, Blanchard akiwa mgongoni. “Mimi kesho ninavuka kurudi Pweto,” alisema. “Kule kwetu iko miti ya maua kama hii mingi. Nataka kujua kuitofautisha na mkaratusi wa kweli. Wewe mutoto, umefundishwa sasa. Unionyeshe.”

Towela alimtazama Bi Chama. Bi Chama akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Basi Towela akamwongoza Mama Mujinga hadi nyuma ya kituo cha basi, na watu wote wakafuata. Akaokota tawi la mkaratusi lililoanguka, akavunja jani. “Tazama, hakuna maziwa. Sasa lifikiche, unuse.” Mama Mujinga akafikicha, akanusa, akakohoa kwa ukali wa harufu, akacheka. Blanchard naye akataka kunusa. Kisha akina mama wakaanza kuomba majani, mmoja baada ya mwingine, na Towela aliwaeleza kila mmoja bila kuchoka.

Walipomaliza, Mwalimu Chewe alimwomba Bi Chama aseme neno la mwisho.

“Watoto, na nyinyi wazazi,” alisema Bi Chama, “nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na bado yapo majani ninayoletewa nisiyoyajua. Siku hiyo husema sijui, kisha huuliza, husoma, hulinganisha. Hakuna aliyewahi kunidharau kwa hilo. Aibu si kutojua. Aibu ni kumpa mwenzako jibu ambalo wewe mwenyewe hujui limetoka wapi, kwa sababu yeye atalibeba hadi nyumbani kwake na kulitumia. Kila mnapotaka kusema jambo, jiulizeni: nimeliona, nimeambiwa na anayejua, au nimebahatisha? Na mkigundua mmekosea, msingoje mapumziko. Simameni mseme mara moja, kama Towela alivyofanya. Kama angechelewa kidogo tu, leo tusingekuwa na matembezi. Tungekuwa na msiba.”

Hakuna aliyepiga makofi mara ile. Kisha Eness alimsogelea binti yake, akamshika bega, na wote wawili wakageuka kumsikiliza Jessica, ambaye alikuwa amemkamata Fanwell mkono akimwonyesha mmea wenye vitawi vyekundu uliokuwa ukitambaa kwenye ukuta wa kituo.

“Ule unaitwaje?” Jessica aliuliza.

“Sijui,” alisema Towela. “Tumwite Bi Chama kabla hajawasha pikipiki.” Na wote watatu wakaanza kukimbia.